Jaketi Nililomvua Mwanafunzi Getini

Ukiwa mtu wa Rukwa hapa chuoni, maswali unayoulizwa ni mawili. La kwanza ni la uchawi, na anayeuliza hucheka huku amerudi nyuma hatua moja. La pili ni la migebuka ya Ziwa Tanganyika, kama nimekuja nayo. Kuhusu baridi hajawahi kuniuliza mtu. Naona kila mwaka wenzetu wa ualimu wanapangiwa TP Sumbawanga, Kalambo au Nkasi, wanafunga mabegi yao yenye mashati mepesi ya mikono mifupi, wanapanda basi wakiwa na wasiwasi wa wachawi. Asubuhi ya kwanza wanakutana na kitu ambacho hakuna aliyewaonya.

Leo nataka kuandika kuhusu baridi hiyo na baiskeli. Usicheke. Nina deni na jambo hili, na nitaanza kwa kulikiri.

Mwaka jana nilifanya mazoezi ya kufundisha nyumbani, Matai. Kwa asiyepajua, Matai ni makao makuu ya Wilaya ya Kalambo. Ukitoka Sumbawanga mjini kuelekea bandari ya Kasanga lazima uipite, na hapohapo njia nyingine inachepuka kwenda Kasesya, mpakani na Zambia. Ulikuwa mwezi wa saba. Wiki ya pili nikapewa zamu, yaani nisimame getini asubuhi pamoja na mwalimu mwenyeji, tupokee wanafunzi, tukague sare. Kanuni ilikuwa fupi: sweta la shule tu. Jaketi, koti, mzula na glovu haviruhusiwi kuingia. Tukivikuta tunavichukua, mwenye navyo atavifuata mchana.

Saa moja kasoro kidogo, bado giza halijaisha vizuri, akaja kijana wa kidato cha pili na baiskeli. Alikuwa amevaa jaketi kubwa la kiume, bila shaka la baba au kaka, kalivaa kinyumenyume, zipu mgongoni, kama wanavyofanya bodaboda. Mikononi kavaa soksi. Kichwani mzula. Akashuka, akasema, "Shikamoo mwalimu." Nikaitika, "Marahaba. Vua hilo."

Akaniangalia. "Mwalimu, naomba nivue jua likitoka."

Nikamwambia sheria ni sheria. Mwenzangu akacheka, na mimi nikacheka. Nikachukua jaketi, soksi za mikononi na mzula, nikavipeleka ofisi ya walimu. Mpaka kengele inagonga, juu ya ile meza kulikuwa na majaketi tisa.

Kipindi cha kwanza kilikuwa changu, Jiografia, darasa lilelile. Nilikuwa nimeandaa vizuri, andalio la somo limenyooka, maana nilitegemea msimamizi kutoka chuoni angefika wiki hiyo. Ubaoni nikaandika mambo yanayofanya joto la mahali litofautiane na la mahali pengine. La kwanza: mwinuko kutoka usawa wa bahari. Nikawaambia waandike. Yule kijana haandiki. Nikadhani ananifanyia jeuri kwa sababu ya jaketi. Nikamsogelea nimwulize, ndipo nikaona kalamu iko chini na vidole vyake vimejikunja kama makucha ya kuku. Alikuwa anavipulizia. Alijaribu kuokota kalamu mbele yangu na akashindwa.

Nilimuuliza anatoka wapi. Akanitajia kijiji. Ni kama kilomita tisa, barabara ya vumbi. Namfundisha kwamba mahali pa juu ni pa baridi, wakati saa moja iliyopita nimemvua alichovaa kwa sababu ya baridi hiyohiyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi siwezi kusema sikujua. Miaka minne ya sekondari nilipanda baiskeli asubuhi kama yeye. Kanuni ilikuwa hiyohiyo enzi zetu. Jaketi langu nilikuwa nalificha kwa mama mmoja anayeuza maandazi karibu na shule, namwachia asubuhi, nalichukua jioni. Nilikuwa najua ganzi ile inavyoanza kwenye kidole kidogo ikahamia kwenye vingine. Nilijua, na bado nikavua. Nilikuwa mgeni kazini, nataka nionekane mwalimu.

Sasa tuelewane kwanza kuhusu baridi yenyewe, maana nikiwa hapa chuoni nikitaja baridi ya Tanzania watu wanafikiri natia chumvi. Uwanda wa Ufipa uko juu, sehemu kubwa ni zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iliyo juu ya Sumbawanga inapita mita 2,000. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kwenye mita 770 hivi. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi sita na nusu. Ndiyo maana mtu akitoka Matai kwenda Kasanga huvua sweta njiani, na akirudi hulitafuta tena. Kipupwe kinapoingia, kuanzia mwezi wa sita, mbingu inakuwa safi haina wingu. Mawingu ni kama blanketi la ardhi. Yasipokuwepo, joto la mchana linapotea usiku kucha, na saa yenye baridi kuliko zote ni ile ya alfajiri, karibu na jua kuchomoza. Juu yake weka upepo mkavu wa kusini-mashariki unaotembea kwenye uwanda usio na miti mingi ya kuuzuia.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Pwani hawalifikirii. Tanzania nzima tunatumia saa moja, lakini jua halitumii saa yetu. Rukwa iko magharibi kabisa. Mwezi wa sita na wa saba, Dar es Salaam jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Matai linachomoza saa moja imeshapita. Shule zinataka mwanafunzi afike muda uleule. Maana yake ni kwamba mtoto wa Kalambo anayetoka kilomita tisa anapanda baiskeli saa kumi na mbili na robo gizani, na anamaliza safari yake kabla jua halijatoka. Ile saa yenye baridi kuliko zote, yeye anaitumia yote akiwa barabarani. Mwenzake wa Dar saa hiyo anatembea kwenye mwanga, tena anatoka jasho.

Na baiskeli si sawa na kutembea kwa mguu. Anayetembea anakutana na upepo uliopo. Anayepanda baiskeli anajitengenezea wa kwake. Hata kukiwa kumetulia kabisa, ukikimbia kilomita 20 kwa saa unapigwa na upepo wa kilomita 20 kwa saa, na ukielekea kule upepo unakotoka vinajumlishwa. Mwili una tabaka jembamba la hewa ya vuguvugu karibu na ngozi, na upepo kazi yake ni kuliondoa kila linapojijenga. Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, walilipima jambo hili huko Antaktika. Waliangalia maji ndani ya chombo cha plastiki yanachukua muda gani kuganda upepo ukiwa mdogo na ukiwa mkubwa, wakachapisha matokeo yao 1945. Kwa kanuni inayotumika leo Marekani na Kanada, hewa ikiwa nyuzi 10 na upepo kilomita 20 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaihisi kama nyuzi 7. Nyuzi tatu zinaonekana ndogo ukizisoma. Kazipokee kwenye vidole vilivyoshika chuma cha usukani kwa dakika arobaini.

Halafu angalia ni viungo gani vinafanya kazi. Miguu inakanyaga, kwa hiyo mapaja yana joto. Mikono haifanyi kitu, imeshika tu. Masikio hayafanyi kitu. Kifua kiko mbele, kinapokea upepo wote. Mwili ukiona kifua kinapoa, unapunguza damu inayokwenda vidoleni ili kulinda moyo na viungo vya ndani. Hivyo mtu anaweza kufika shule mgongo una jasho na vidole vimekufa ganzi kwa wakati mmoja. Mwalimu anayemwona na jasho anasema, "Huyu ana baridi gani?" Nimeshalisikia hilo kwa masikio yangu.

Tuje kwenye mavazi. Hapa mwalimu wangu ni bodaboda na vijana wa baiskeli wa Matai. Yale ninayoyaandika ni yao, mimi nimeyapanga tu.

Kwanza, sweta peke yake ukiwa kwenye baiskeli ni kama chekeche. Sweta linatunza joto kwa sababu nyuzi zake zinanasa hewa. Ukikaa nalo ndani ya nyumba ni zuri sana. Ukipanda nalo baiskeli, upepo unaingia kwenye vitundu, unatoa hewa ile, unaacha nyuzi tupu. Linahitaji kitu kisichopitisha upepo juu yake. Hata jaketi jembamba la mtumba, lile la kitambaa cha nailoni ambalo halina pamba ndani, likikaa juu ya sweta linafanya kazi kuliko sweta mbili. Mimi langu nililinunua mnadani kwa shilingi elfu tano. Sare yetu inamruhusu mtoto avae kile cha ndani na kumkataza kile cha nje, yaani tumechukua nusu ya dawa tukaitupa ile nusu nyingine.

Pili, kinyumenyume kuna maana. Bodaboda anageuza jaketi kwa sababu zipu ni mlango wa upepo, na anataka ukuta mzima ukae kifuani. Wanaocheka wanadhani ni ushamba. Asiye na jaketi la hivyo ana gazeti. Likunjue, liweke kati ya shati na sweta, kifuani, kabla ya kuondoka. Si mbinu ya maskini peke yake. Kwenye Tour de France, mashindano makubwa kuliko yote ya baiskeli, kwa miaka mingi waendeshaji walizoea kupokea magazeti kutoka kwa watazamaji wakifika kileleni mwa mlima, wakayasokomeza kifuani kabla ya kuteremka. Matai magazeti si mengi. Mimi nilikuwa natumia karatasi za mitihani ya zamani. Nikifika shule nazitoa, nazisoma. Watoto wengine walitumia mifuko ya rambo mpaka ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019.

Tatu, jasho. Watu wengi wanakosea hapa, na nyinyi mnaokwenda TP mtakosea pia. Ukivaa mpaka ukasikia joto tamu kabla hujaondoka nyumbani, umezidisha. Baada ya kilomita mbili utalowa, na fulana ya pamba iliyolowa haikauki haraka, inakugandamana mwilini na kukupoza. Anza safari ukisikia baridi kidogo. Kwenye mlima fungua zipu, kwenye mteremko ifunge, kwa sababu kule hukanyagi na upepo ni mkali maradufu. Weka fulana kavu ndani ya begi. Ukifika, ibadilishe kabla hujakaa, maana baridi inayokuja baada ya safari, ndani ya darasa lenye madirisha yasiyo na vioo, ni mbaya kuliko ile ya njiani.

Nne, mikono na masikio. Usiwe na aibu ya soksi. Soksi mikononi zina faida hata juu ya glovu za bei rahisi, kwa sababu vidole vinakaa pamoja na kupashana joto. Ubaya wake ni kwamba breki zinashikika vibaya, kwa hiyo jaribu kwanza nyumbani kama unaweza kuzivuta. Mzula ufunike masikio. Skafu au kitenge shingoni ni sawa, lakini ncha zake zichomeke ndani. Nguo inayopepea ikiingia kwenye spoku au cheni itakuangusha.

Tano, tusiwasahau wasichana. Kanuni ya sketi imeandikwa na mtu aliyemfikiria msichana amekaa darasani. Hakumfikiria akiwa juu ya baiskeli saa kumi na mbili na robo, magoti wazi, upepo unapanda. Taiti nzito ndani ya sketi, au suruali ya kuvulia shuleni, haimpunguzii heshima. Nimewaona wanaoendesha kwa mkono mmoja ili mwingine ushike sketi. Hiyo ni hatari kuliko suruali yoyote.

Na la mwisho, rangi. Masweta ya shule nyingi ni ya bluu iliyokolea au kijani kilichokolea. Kwenye giza lile, dereva wa lori haoni kitu. Kizibao chenye mistari inayong'aa, kama cha bodaboda, kikivaliwa juu ya jaketi kinasaidia kuzuia upepo na kinamfanya mtoto aonekane.

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu nataka ionekane kwamba yule kijana wa getini alikuwa amejivisha kwa akili. Upepo kauzuia kifuani, mikono kaifunika, masikio kayafunika. Kama angekuwa anafanya zoezi la vitendo ningempa alama zote. Mimi nilimwona mkosaji wa sare.

Sasa niseme maoni yangu waziwazi. Shule za mikoa ya baridi, na siyo Rukwa peke yake, hata Njombe, Makete, Mbulu na Lushoto, ziruhusu jaketi, mzula na glovu kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane, kutoka nyumbani hadi mapumziko ya saa nne. Jua likishapanda, vikatundikwe nyuma ya darasa au viingie begini. Rangi yoyote. Si kanuni ngumu kuitekeleza, na haigharimu shule hata senti moja.

Najua majibu, kwa sababu nilipolisema ofisini siku ileile niliyapata yote.

La kwanza: sare inaficha tofauti ya tajiri na maskini, ukiruhusu majaketi wataanza kushindana. Hoja hii naiheshimu. Mimi mwenyewe sare ilinisitiri, hakuna aliyejua shati langu la nyumbani lilivyokuwa. Lakini angalia baridi inampata nani. Mtoto wa mfanyakazi anayekaa jirani na shule anatembea dakika tano, sweta linamtosha. Anayepigwa upepo kilomita tisa ni mtoto wa mkulima wa kijijini. Kanuni ileile moja inamgusa mmoja na kumpita mwingine. Na tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, sare imebaki kuwa jukumu la mzazi. Mzazi akishanunua sweta la shule kwa bei ya shule, jaketi la mtumba la kaka ndiyo msaada pekee uliobaki nyumbani, na ndilo tunalolikataza. Kama hofu ni mashindano, fundi cherehani yeyote wa Matai anaweza kushona koti jepesi la upepo la rangi moja. Shule ichague kitambaa, mzazi aamue kama atashona au atatumia la mtumba.

La pili: majaketi yanaficha vitu, simu, sigara, hata pombe. Inawezekana. Basi kagueni mifuko. Mfuko wa jaketi unakaguliwa kwa sekunde kumi. Begi la daftari nalo lina mifuko, na hatujalipiga marufuku.

La tatu ni lile linaloniudhi: "Sisi tulisoma hivyohivyo na tukafika hapa." Aliyelisema ni mwalimu ninayempenda, alinifundisha, na namwita baba hadi leo. Nikamjibu kwa adabu, "Mwalimu, waliofika hapa tunawaona. Walioacha njiani hawapo ofisini watujibu." Alinyamaza. Sikusema kwa ushindi. Na mimi nimo kwenye kundi la waliofika, na ona nilivyofanya getini.

La nne: dawa ni mabweni, si majaketi. Kweli kabisa. Mtoto akilala shuleni hapandi baiskeli gizani. Jengeni. Lakini bweni linachukua miaka na kanuni ya jaketi inabadilika kwenye kikao kimoja cha walimu. Asubuhi ya kesho yule mtoto anapanda baiskeli.

Kuna wenzangu wa hapa chuoni niliowasimulia habari hii, wakasema tufanye kampeni, tukusanye majaketi hosteli zikifungwa, maana kila mwaka watu wanaacha nguo. Wazo ni zuri na nitakuwa wa kwanza kubeba mizigo. Ila tukikusanya majaketi kabla kanuni haijabadilika, tutakuwa tunawapa watoto kitu ambacho wenzetu wa TP watawanyang'anya getini. Tuanze na kanuni. Serikali ya wanafunzi inaweza kuandika barua kwa maofisa elimu wa wilaya tunakopelekwa, na sisi wa ualimu tuna jambo la kuonyesha, kwa sababu tunaona asubuhi zile kwa macho yetu.

Na wewe unayekwenda TP mwaka huu uanze na nafsi yako. Ukipangiwa nyanda za juu, tenga pesa kidogo ya boom kabla haijaisha, nunua jaketi la upepo, mzula na glovu. Wengi mtapanga mbali na shule na mtapanda baiskeli au bodaboda. Mwalimu mwenye tai nzuri na meno yanayogongana hafundishi. Nilimwona mwenzangu mmoja wa mwaka wa pili akiandika ubaoni, herufi zinatetemeka, wanafunzi wanacheka. Yeye aliruhusiwa kurudi ofisini akavae koti lake. Wanafunzi waliokuwa wanamcheka hawakuruhusiwa.

Tulisomeshwa hapa kwamba mwalimu kabla ya kufundisha lazima ajue mwanafunzi anaanzia wapi. Tukaelewa kwamba ni kuhusu anachokijua tayari, na tunaandika kwenye andalio la somo sehemu ya maarifa ya awali. Hakuna sehemu ya kuandika kwamba mwanafunzi ameanzia kilomita tisa, gizani, na vidole vyake vitarudi kufanya kazi saa mbili na nusu. Dakika arobaini za kipindi changu cha kwanza zilikuwa zinakwenda bure kwa watoto wanane au tisa kila siku, na mimi nilikuwa naandika kwenye tathmini kwamba somo limeeleweka kwa sehemu kubwa ya darasa.

Siku ile sikusubiri mchana. Kipindi kilipoisha nilikwenda ofisini nikachukua yale majaketi tisa, nikamwambia mwenzangu wa zamu kwamba nayarudisha na kama kuna kosa ni langu. Nikayagawa. Yule kijana alipokea la kwake kwa mikono miwili akasema asante mwalimu, jambo ambalo halikunifurahisha hata kidogo. Mwalimu wa nidhamu aliniita. Hakunigombeza, alisema nimeharibu zamu yake na kwamba jambo kama hilo linapelekwa kikaoni. Nikaomba lipelekwe. Likapelekwa wiki ya mwisho ya TP yangu, likajadiliwa, likaahirishwa. Wakati naondoka kanuni ilikuwa bado imeandikwa vilevile, ila getini walimu wawili walikuwa wameanza kuangalia pembeni jaketi linapopita.

Kuangalia pembeni hakutoshi, maana zamu inabadilika kila wiki. Mwezi wa saba mwaka huu kuna mmoja wetu atasimama kwenye geti lile au linalofanana nalo, kalamu mkononi, orodha ya makosa ya sare mbele yake, jua bado halijatoka. Atakuja mtoto na baiskeli, soksi mikononi. Naomba, kabla ya kumwambia avue, amwambie anyooshe vidole.